Filimbi Katika Gari ya Papa Alphonse

“Masikio yangu yanasikia panya akijikuna kule Lubunga, ng'ambo ya mto,” Mama Pélagie alimwambia fundi. Halafu akakohoa kidogo. “Bon, juzi simu imelia ndani ya redio, mimi nikaitika allô. Lakini hii filimbi, fundi, naisikia.”

Fundi Zuberi alikuwa amejikunja kwenye kiti cha mbele, ncha moja ya mrija wa plastiki sikioni, ncha nyingine akiipitisha polepole kando ya kioo cha kuume. Hivyo ndivyo anavyowinda upepo. Mama Pélagie alishika usukani kwa mikono miwili. Gari ilikuwa inakwenda themanini.

Upepo hauimbi kabla ya themanini. Na Kisangani, ukitaka themanini bila kung'oka jino, unachukua barabara ya Bangboka. Ndiyo maana kila Alhamisi walikwenda hadi karibu na uwanja wa ndege.

“Iko wapi?” aliuliza.

“Iko hapa, mama. Kwenye mupira wa mulango. Ni kidogo, lakini iko.”

“Si nilikuambia.”

Gari ilikuwa ya marehemu mume wake, Papa Alphonse: nyeusi, viti vya ngozi, milango mizito inayojifunga kwa sauti ya mtu anayemeza. Papa Alphonse aliuza samaki wa Yanonge miaka mingi ili aipate, akaiendesha msimu mmoja, akafa. Matofali yaliyobaki baada ya kujenga kaburi lake yalikuwa bado yamepangwa uani, kando ya gari, na hakuna aliyejua yafanye kazi gani.

Familia ilikuwa haijatoa kilio, ile karamu ya kumaliza msiba. Mpaka siku hiyo, mjane anavaa nyeusi, hachezi, hacheki sana sokoni, na hapandi gari na mwanaume kwenda kutembea. Lakini gari mbovu ni gari mbovu. Hata Tonton Zacharie, mdogo wa marehemu, ambaye jicho lake lilikuwa halibanduki kwa shemeji yake, alikubali kwamba gari inayopiga filimbi lazima isikilizwe na fundi, na fundi hawezi kuisikiliza akiwa barabarani kwa miguu.

Kwa hiyo kila Jumatano jioni, Mama Pélagie alichomoa njiti moja kwenye ufagio wake, akaisukuma chini ya mpira wa mlango wa kuume, akaingia kulala. Ufagio ulikuwa umeanza kukonda.

Zuberi hakuwahi kusema neno juu ya njiti. Wakisimama, alibana karatasi kwenye mlango, akaivuta kuona kama inashikwa, akapaka poda, akaguna, akasema mpira umechoka. Njiti haikuonekana tena. Mama Pélagie alifikiri inachukuliwa na upepo.

Halafu walikula. Tangu msiba, mkono wake ulikataa kupika chakula cha mtu mmoja. Ulitoa ndizi za makemba za watu wawili, ukafunga maliboke mawili ya samaki katika majani, na moja likalala mezani mpaka asubuhi. Liboke la Alhamisi tu ndilo halikulala.

“Marehemu muke wangu,” Zuberi alisema siku moja, akichomoa mwiba, “alikuwa anabishana na redio.”

“Alishinda?”

“Kila siku.”

Jumamosi moja Tonton Zacharie alifika bila kutangaza, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kumwita fundi.

“Shemeji, watu wanasema filimbi haiponi kwa sababu kuna mutu hataki ipone. Leo tunakwenda watatu. Nikisikia filimbi, gari tunaiuza. Nisiposikia, fundi amemaliza kazi yake, na kila mutu abaki kwake. Donc, twende.”

Haikuwa Alhamisi. Chini ya mpira hapakuwa na kitu. Mama Pélagie aliendesha themanini, akaendesha tisini, na gari ilinyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

“Alors, fundi? Unasikia?”

Macho ya Zuberi, aliyekaa nyuma, yalikutana na ya Mama Pélagie kwenye kioo. Aliukunja mrija wake, akautia mfukoni.

“Hapana, papa. Imepona.”

Mama Pélagie alisema asante kwa sauti ya mtu anayepokea pole.

Jumapili baada ya misa, Zacharie alirudi peke yake, akashinda uani akigonga-gonga. Mama Pélagie hakutoka kuangalia. Zacharie alipokuja kuaga, mikono yake ilikuwa myeusi.

“Sasa shemeji utapumzika,” alisema.

Alipumzika Jumatatu. Alipumzika Jumanne na Jumatano, na ufagio ulibaki kama ulivyo. Alhamisi mkono wake ulifunga maliboke mawili. Alikuwa anayatazama hivyo hivyo, bila njaa, lango likagongwa.

Alilifungua kidogo, uso tu upite. Nje alisimama Zuberi, shati limepigwa pasi, mrija shingoni.

“Mama, samahani. Filimbi imerudi.”

“Imerudi? Nani amekuambia?”

“Masikio yangu. Jana gari yako imepita mbele ya karakana, mbio. Nimeisikia, fiii.”

“Jana.”

“Jana mchana.”

“Mulango wa kuume?”

“Pale pale, mama. Na hata imezidi. Hii haiwezi kungoja.”

“Na ni mimi nilikuwa naendesha?”

“Ni wewe. Umenipungia mukono.”

Mama Pélagie alijifuta vidole kwenye kikwembe chake cheusi, polepole, kwa sababu uso wake ulitaka kufanya jambo ambalo mjane hafanyi langoni. Halafu akalisukuma lango likafunguka lote.

“Ingia basi, fundi. Uitafute.”

Nyuma yake, tangu Jumapili, gari ilikuwa imekaa juu ya matofali ya Papa Alphonse, bila gurudumu hata moja.