Mgongo wa Mkwe

Severina aliposikia mlango wa bafu la uani unafunguliwa, alimwacha kuku sebuleni na miguu yake imefungwa, akakimbilia nyuma ya pazia la chumba. Ndipo akakiona kitanda, akajua amejiponza. Alikuwa amejificha chumbani kwa mkwewe.

Kwao Mtinko, mama mkwe na mume wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia majanini. Sembuse kukutwa kando ya kitanda anacholalia.

Alikuja Mandewa kumletea bintiye Hana, mjamzito wa miezi saba, kuku na unga wa uwele. Alijua Hana yuko kazini zahanati, na mkwe, siku ya mechi kama hii, yuko kambini na wenzake. Kumbe wachezaji waliachwa walale majumbani.

Akachungulia kwa upenyo wa pazia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kutoka uani alikuja mkwe mwenyewe, Donali, Mzungu wa Ayalandi, beki wa timu ya mji. Kaptula, kandambili, taulo begani. Alifika mlangoni, akasimama. Severina akabana pumzi. Mara yule bwana akageuka, akavuta kigoda, akakaa nje na kuupa mlango mgongo.

"Asante Mungu," Severina akanong'ona. "Hajaniona. Ataondoka sasa hivi."

Hakuondoka.

Mgongo ule aliufahamu kuliko uso. Siku ya ndoa alijitanda khanga mpaka puani, akaona viatu vya bwana harusi tu. Mengine aliyapata kwa Hana na kwenye redio: jinsi Donali alivyotoka kijiji cha mvua akiwa kijana mdogo, Waingereza wakamchukua, kisha wakamrudisha kama sufuria iliyotoboka. Akacheza nchi hii mwaka huu, nchi ile mwaka ujao. Goti likapasuliwa, likashonwa. Mwisho akatua Singida, na hapa watoto wakamwita Ukuta, maana mshambuliaji alikwenda kwake na mbwembwe akarudi na vumbi. Mtangazaji aliposema, "Donali anaondosha hatari," Severina aliweka mwiko chini akapiga kigelegele, peke yake jikoni.

Na mechi ya leo ndiyo ya kukata shauri. Hana alimweleza mwenyewe.

"Mama, kocha anasema umri umekwenda na goti limechoka. Leo akicheza vizuri, watambakiza. Asipoonekana uwanjani, basi, tunahamia kwao."

"Na mjukuu wangu?"

"Atazaliwa kwenye baridi, mama. Utamwona kwenye simu."

Sasa simu ya Donali ikaanza kulia mezani, hapo hapo chumbani. Severina hakuigusa. Kule nje mkwe aliinua kichwa, akasikiliza, akakiinamisha. Ikanyamaza. Ikalia tena.

"Inuka basi, wanakuita," Severina alimsema kwa mnong'ono. "Wewe ukuta gani unabomoka wenyewe?"

Donali akainuka kweli, akatoka mpaka barabarani. Severina akanyata hadi sebuleni. Lakini njia ya kutokea ni geti moja tu, na yeye kasimama pembeni yake, anatazama mashamba kama mtu asiye na safari. Alipogeuka kurudi, Severina alikuwa ameshakimbilia tena nyuma ya pazia, moyo unapiga kama mchi.

Mlangoni mkwe aliinama. Ndala za Severina zilikuwa zinachomwa na jua, akaziokota akaziweka kivulini.

Anadhani ni za Hana, Severina aliwaza.

Kisha Donali akarudi kwenye kigoda, akaupa mlango mgongo, akajifunika taulo kichwa kizima kama mfiwa.

Hapo Severina akaumia. Huyu mtu amekata tamaa. Amekimbizwa nchi kwa nchi ujana wake wote, na leo, siku ya kusimama, ameamua kukaa. Na ataondoka na Hana, ataondoka na mtoto aliye tumboni, kwa sababu ya huzuni ambayo hata mtu mmoja tu angeweza kumwondolea. Lakini nani? Mandewa nzima ilikuwa imehamia uwanjani. Matarumbeta yalianza kusikika kwa mbali. Hapakuwa na jirani wa kumwagiza hata neno moja.

Simu ikalia mara ya mwisho, ikazimika. Kelele kubwa ikapanda kutoka uwanjani. Timu zimeingia.

Severina akaivua khanga aliyojitanda usoni. Heri wazee wa Mtinko wamseme mpaka anaingia kaburini kuliko kumbeba mjukuu kwenye kioo cha simu. Atatoka. Atasimama mbele ya huyu Mzungu, amtazame machoni, amwambie: baba, nenda kacheze. Akashika pazia.

Geti likagonga. Dorika, jirani, aliingia na furushi la mlenda kichwani.

"We Donali, mpira umeanza huko. Wamekufukuza, au umewakimbia?"

"Shikamoo, mama Dorika." Sauti ilitoka chini ya taulo, ya upole, Kiswahili cha kujifunza. "Mama mkwe yuko ndani. Hana alinifundisha: mama akiwa ndani, mimi nakaa nje mpaka atoke, na akipita nisimtazame. Jezi iko chumbani, na simu, na viatu. Mguu wangu huu, mji mzima hakuna kiatu kingine kinachoingia."

"Mungu wangu. Ngoja nimwite atoke."

"Hapana, mama, tafadhali," akasema. "Ametoka mbali. Mwache apumzike."