Kitunguu Kisichokamuliwa

Tangu atoke hospitali, Mwanaidi alilala ukumbini uso ukutani, akikataa kila sahani. Joto la mchana lilipozidi, Kombo mumewe akaona amtengenezee kachumbari. Alikata nyanya zilizoiva vizuri na tango, kisha akakata vitunguu avitie bakulini.

"We Kombo!" sauti ikatoka ukumbini. "Harufu kali hiyo! Umevikamua na chumvi?"

"Nivikamue kwani nguo, mke wangu?"

"Ndiyo mambo ya kwenu hayo! Siku ya harusi yetu dada zako hawakuvikamua, wageni wakalia kama wako msibani."

Kombo alitaka kucheka, akaogopa kwamba akicheka mkewe ataacha tena kusema. Akasikia kitanda kikilia, kisha kandambili zikiburuzwa polepole. Mwanaidi akajishikiza mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akavuta vitunguu. Akavinyunyizia chumvi, akavikamua mpaka povu likatoka, akavisuuza.

Kombo akachanganya, akakamulia ndimu.

"Itakuwa imekolea?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Mwanaidi alinyoosha mkono uliokonda, akafungua kiganja ili atiliwe kidogo aonje, akangoja.