Pimbi Aliyengoja Jibu

Hapo kale, vilima vilipokuwa vikisemezana, kila kilima kilikuwa na pimbi wake. Wa kwanza akipaza habari, wa pili huitikia, "Imefika!" kisha humpasha wa tatu. Punda akawacheka. "Mlio wangu mmoja unatosha vilima vyote." Basi pimbi wakaachishwa kazi.

Bi Pimbi wa kilima cha kwanza akabaki kuikumbuka ile "Imefika!" ya Bi Mashavu, mwenzake wa kilima cha pili.

Siku moja moto ukazuka nyikani. Punda akalia mara moja, akajilaza. "Nimeshawaambia wote."

"Nani kakujibu?" Bi Pimbi akamuuliza.

"Wanijibu nini, na mimi nimeshalia?"

Bi Pimbi akapanda jiweni, akaita. Upepo ukaimeza sauti. Akatega sikio: kimya. Akaita tena: kimya. Akangoja upepo utulie, akaita mara ya tatu.

"Imefika, mwenzangu!" sauti ya kizee ikajibu, kisha ikasikika ikikipasha kilima cha tatu.

Wanyama wote wakawahi kuvuka mto. Bi Pimbi alivuka akilia.

"Tumepona, unalilia nini?" Punda akauliza.

"Miaka saba nimekusikia wewe tu. Nilidhani Mashavu amekufa."