Mlezi Mdogo wa Bweni

Jovita alikuwa ameinama bombani akimfulia Kokubanza gauni, na jambo hilo lilimtia Kokubanza wasiwasi kuliko kama angemtukana.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, waitu, ndugu yangu. Nimeliona kwenye beseni, nikasema nilifue."

Wiki hiyohiyo wasichana hao wawili walikuwa wameshindania nafasi moja, ya mlezi msaidizi wa bweni, katika chuo chao cha ualimu nje kidogo ya mji wa Bukoba. Kokubanza alishinda. Joviana, rafiki wa wote wawili, alipiga kelele ukumbini, "Kura tumekupa, sasa na wewe utupe kula!" Chuo kizima kikacheka, maana kwa watu wa kwao r na l ni ndugu wa tumbo moja. Jovita peke yake hakucheka. Alisema, wote wakisikia, "Tutaona kama atamaliza mwezi."

Neno hilo Kokubanza hakulisahau. Mlezi msaidizi alipewa chumba chake mwenyewe, kidogo, mlangoni mwa bweni, chenye meza na dirisha. Mama yake, Anatolia, mjane wa kijiji cha Muleba aliyemsomesha kwa migomba na kahawa, alikuwa ametuma salamu kwa dereva wa basi: Jumapili atakuja akione. Jumapili ilikuwa kesho. Kokubanza alitaka kitu kimoja tu, mama amkute bado ni mlezi.

Jumamosi hiyo chuo kizima kilikuwa kimekwenda kulima shamba la kijiji cha ujamaa. Mama Klaudia, mlezi wao, alimwachia ufunguo.

"Utabaki na hawa wawili wa zamu ya jikoni, Jovita na Joviana. Nikirudi nikute umetoka, au umemruhusu mtu kutoka, nafasi yako anachukua aliyekufuata kwa kura."

Aliyemfuata kwa kura ni Jovita.

Sasa Jovita anafua. Na Joviana alikuwa amekwisha kukifagia kile chumba, akaweka mezani kipande kinono cha samaki ndani ya jani la mgomba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Moshi wa kuni," alisema kabla hajaulizwa.

Asubuhi Kokubanza alikuwa amewaona wote wawili barabarani, basi la kutoka Muleba limesimama, wakizungumza na kondakta. Waliporudi ndipo wema huu ulipoanza.

Jovita alianika gauni, akajifuta mikono kwenye sketi. "Kokubanza, twende kwenu. Basi likirudi tulipande. Watu wamesikia umechaguliwa, wanataka kukupongeza."

"Mama anakuja kesho. Atanipongeza hapahapa."

Jovita akamtazama Joviana. "Lakini ni leo. Watu wamejaa pale kwenu."

"Wamejaa? Kwa ajili ya ufunguo wa bweni?" Kokubanza alicheka. "Na nikitoka, nani atalala kwenye chumba changu?"

"Chumba chako sikitaki."

"Juzi ulikitaka."

"Juzi ndiyo. Leo sikitaki. Mama Klaudia akirudi nitamwambia mimi ndiye niliyekutoa. Anifukuze mimi."

Alilisema vizuri sana, tena kwa upole, hata Kokubanza akakaribia kumwamini. Joviana akafungua mdomo aseme neno. Jovita akamfinya mkono, naye akaufunga mdomo.

Kokubanza aliuona mfinyo ule.

"Mnaniona mimi mjinga," alisema. "Muleba leo kuna dansi, hata mimi nimesikia. Nyie mkacheze, halafu kesho mama yangu akija anikute nimerudishwa kwenye vitanda vya wengi, na wewe Jovita umekaa dirishani. Siendi, na hamwendi."

Ndipo Joviana alipopiga magoti. Alipiga magoti kama mtu anavyowapigia wakubwa, si rika lake, juu ya matope ya bombani.

"Twende, mwenzangu. Usituulize. Twende tu."

"Inuka, unachafua sketi."

Jovita alimshika mkono akataka kumvuta. Kokubanza akajinasua, akawasukumia wote wawili jikoni, akafunga mlango kwa nje. "Menyeni ndizi za wenzenu. Wakirudi kutoka shamba watakuwa na njaa."

Alisimama pale na ufunguo mkononi. Ndani Joviana alikuwa akilia kama mtoto mdogo, na Kokubanza, ambaye hakuzoea kumliza mtu, aliurudisha ufunguo kwenye tundu. Kisha akamfikiria mama yake akipanda ngazi za bweni. Akauchomoa.

Basi lilipofika lilipiga honi. Likangoja. Likapiga tena. Hilo lilimshangaza kidogo, maana basi lile halikuwa na desturi ya kumngoja mtu. Mwishowe likaondoka.

Jioni, wenzao hawajarudi bado, lori la ushirika lilisimama barabarani. Akashuka baba yake mdogo, Kashaija, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Kokubanza alikuwa amekwisha kuwafungulia wale wawili. Akamkimbilia mzee, akapiga magoti, akamsalimu.

"Karibu, baba mdogo! Mama ameshindwa kungoja kesho, amekutuma utangulie kukiona chumba?"

Kashaija alimwekea mkono kichwani. Aliwatazama Jovita na Joviana waliosimama mlangoni mwa jikoni.

"Niliwaagiza kwa kondakta mmlete kwa uongo wowote," alisema. "Tumemngoja mpaka jua limeinama, ndipo tukamfukia mama yake."