Mfuko wa Jenerali

Tangu sheria ya rafu ianze, hakuna tena aliyejichagulia chakula cha mbwa. Mbwa alipanda mizani dukani, mashine ikampima figo, meno na moyo, kisha rafu ikatoa mfuko mmoja tu: chakula kinachomfaa, kwa kiasi atakachokimaliza, isibaki hata punje. Bi Eliamini aliishukuru sheria hiyo. Enzi za kubahatisha, mbwa wake wa kwanza aliuawa na chakula cha mfuko wenye picha nzuri.

Miaka kumi na mmoja Jenerali, mbwa wake wa sasa, alipewa kilo kumi kila mwezi. Leo rafu ilitoa kimfuko cha kilo moja.

"Imekosea," alimwambia muuzaji, Ndekirwa. "Mlafi huyu? Hiki ni cha siku tatu!"

Ndekirwa aliinamisha macho. "Haijawahi kukosea, mama."

"Basi nipe viwili."

"Hairuhusiwi, mama. Pole."

Jenerali hakuwa na habari. Kwa mara ya kwanza aliweza kuubeba mzigo wake mwenyewe, akaung'ata na kutembea kwa maringo hadi nyumbani, mkia juu.

Jikoni Bi Eliamini alichota kikombe, akakitazama kimfuko, akarudisha nusu. Akafikiri, akarudisha tena, kikabaki kijiko kimoja.

"Tutakula polepole, baba," alisema akimkuna masikio. "Kisipoisha, huendi popote."

Jenerali alilamba bakuli likang'aa, akaketi, akamtazama, akangoja.