Kikuku cha Sajini Mbaruku

Mwaka ule askari wa jiji letu walikuwa bado wanalipwa kwa shukrani. Ukimshika askari mkono ukamwambia asante ya moyoni, kikuku alichovaa mkononi kinawaka kijani na jiji linamwongezea mshahara. Asante ya mdomoni haikiwashi.

Kikuku cha mume wangu, Sajini Mbaruku, kiliwaka zaidi dukani kwa Salha, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Kila siku! Alikuwa anamlinda na nini? Mwizi gani anaiba vifungo?

Basi askari walipogoma kudai mshahara unaoeleweka, mimi nilikuwa mbele ya maandamano, nimebeba bango, sauti imenikauka. Wenzangu walidai mshahara. Mimi nilidai mkono wa mume wangu.

Jiji likasalimu amri. Vikuku vyote virudishwe kesho yake.

Jioni hiyo nilimpikia Mbaruku biriani. Alipomaliza kula nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Asante, baba Shani. Kwa miaka yote hii."

Tukakitazama kikuku. Hakikuwaka. Nikaubana mkono zaidi, nikarudia.

"Kimeisha chaji, mama Shani," akasema kwa upole, akivuta shati kukifunika.

Asubuhi nilimchungulia dirishani akienda kukirudisha. Salha alikuwa mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni. Akampa mkono, akasema neno moja.

Kijani chake nilikiona kutoka ghorofa ya tatu.