Mwenyekiti na Lusani Namba Mbili

Kahiga alifumba macho, akatafuna majani ya ng'ombe mbele ya watu thelathini, akatamka bila kusita kwamba hiyo ilikuwa namba mbili. Kingori, bwana shamba aliyeyachuma, akaitikia kwa kichwa. Watu wakapiga makofi.

Ilikuwa mwaka wa 1972, chini ya Naro Moru, upande ule wa jua kali ambako bila maji ya mfereji hupati kitu. Kingori alikuwa ameleta aina tatu za lusani, majani hayo ya ng'ombe, zijaribiwe, na moja tu ndiyo ingeagizwa kwa wote. Lusani ikishapandwa hukaa miaka minne. Ukichagua isiyopenda joto, miaka minne ng'ombe anakutazama tu.

Kahiga alikuwa mwenyekiti wa mfereji, na jaribio lilifanywa shambani kwake. Alimpa mkewe, Wachuka, mifuko mitatu ya mbegu apande vipande vitatu, kisha akapigilia vibao yeye mwenyewe: moja, mbili, tatu. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Kamati ya mfereji ilikuwa imemwambia wazi kwamba akiwapotosha watu, kiti anakiacha.

Akawa mwanafunzi wa lusani. Alinunua daftari, akaandika kwamba namba moja ina majani laini lakini moyo mdogo. Namba tatu ina kiburi, inakunywa maji mengi na kukua kwa uvivu. Namba mbili ndiyo mtoto wa joto, na hata ng'ombe wake, aliandika, huila kwa heshima.

Theuri, rafiki aliyetahiriwa pamoja naye, alishikilia namba tatu. Alisema shina lake ni jembamba na kipofu angeiona tofauti. Walibishana miezi saba, mpaka Theuri akahamia benchi lingine kanisani. Jambo hilo lilimuuma Kahiga sana, kwa kuwa hakuwa na rafiki mwingine wa kiasi hicho. Lakini angefanyaje, naye alikuwa ameiona tofauti kwa macho yake?

Wachuka alijaribu kuingilia mara moja tu, akimwekea chai.

"Baba Ngendo, hiyo mbegu..."

"Mama Ngendo, hii ni maneno ya kamati."

Wachuka akarudi jikoni, na hakuigusa habari hiyo tena.

Sasa, makofi yalipokwisha, kura zikapigwa. Namba mbili ilipata ishirini na sita, namba tatu nne, moja haikupata hata ya huruma. Theuri alivaa kofia akaondoka bila kuaga. Watu wakaweka vidole gumba kwenye karatasi ya kuagiza, Kingori akaikunja, akamsifu mwenyekiti kwa jicho lake kali. Halafu akaomba konzi moja ya mbegu iliyobaki ya namba mbili aiambatanishe, ili wenye ghala wasikosee.

Kahiga, kifua mbele, alimwita mkewe ailete. Wachuka alitoka jikoni na kibuyu kimoja.

"Ya namba mbili peke yake haiko," akasema. "Nilichanganya zote tatu kabla nipande, vile sisi huchanganya maharagwe. Jua ikiua moja, ingine inabaki."